Pazia Usilolitaja

Tarehe 3 Juni

Mke mwenzangu,

Salamu zangu zikufikie, na zikukute umekula. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua na kukosea. Mume wetu babu yako hajambo. Anakula, anakoroma, akizinduka anauliza, "Mke mdogo kaandika?" Namjibu mke mdogo kakimbilia mjini, kaniachia mzee peke yangu.

Sasa nikuulize. Shangazi yako alipita kwako juzi, karudi na habari. Anasema amekukuta umekaa mbele ya vioo viwili, kimoja cha kompyuta yako ile ndogo, kingine kikubwa kama mlango wa kabati, na katika vyote viwili yumo seremala anapiga randa. Seremala yuleyule! Ubao uleule! Mtu ana macho mawili, hilo najua, lakini sikujua kila jicho linataka kioo chake. Nieleze. Siulizi kwa ubaya. Nauliza kwa sababu nimelala na jambo hili siku mbili na halijanitoka.

Na usinipigie simu kunieleza. Maneno ya simu yanapita kabla sijayakamata. Nilikwenda kisomo cha watu wazima na mvi kichwani, watu wakinicheka, ili nijue kusoma na kuandika. Basi utaandika nami nitasoma, jasho langu lile lisiende bure. Barua mpe dereva wa basi la saa tatu. Tumeelewana, suruali zake zote nampindia mimi kwa cherehani yangu ya mkono.

Ulisema majaribio yako ya kazi ni miezi mitatu, na mwisho wake ni mwezi huu. Ukifaulu unabaki huko, ukishindwa unarudi. Cherehani ya miguu niliyokutengea ipo palepale, nimeifunika shuka. Sikuombei ushindwe, Mungu ananisikia. Lakini shuka hiyo siiondoi mpaka urudi, na hilo nalo alisikie.

Pazia nililokushonea, shangazi yako anasema limekaa dirishani kama malkia. Nimefurahi. Rangi ya chungwa haijawahi kumkataa mtu. Unakumbuka nilichokuambia siku unaondoka: siku utakayolishusha, nitajua umenisahau.

Bibi yako, mke mkubwa


Tarehe 7 Juni

Bibi yangu, mke mkubwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula, ingawa si kama kwako. Pole na goti. Mwambie mume wetu mke mdogo hajakimbia, amekwenda kutafuta.

Hicho kioo kikubwa tunakiita skrini ya nje. Kazi yangu ni kuhariri video. Wapiga picha wananiletea vipande mia mbili, mimi nakata, naunga, naweka sawa rangi na sauti, mpaka vinakuwa habari moja ya dakika tano. Sasa, kwenye kompyuta ndogo nusu ya kioo imejaa vitufe, na picha yenyewe imebanwa pembeni, ukubwa wa bahasha. Kwa hiyo vitufe vinabaki kwenye ndogo, na picha peke yake naipeleka kwenye kubwa, niione kama atakavyoiona mtu aliyekaa kwake anatazama. Ndiyo maana seremala alikuwa kotekote.

Huyo seremala amenitia aibu, Bibi. Alitaka video ya kutangaza karakana yake. Nilipoitazama kwenye skrini kubwa nikaona ana ukungu, kama yuko nyuma ya mvuke wa sufuria. Nikadhani mpiga picha hakulenga vizuri. Nikaitia picha ukali, nikaongeza, nikaongeza tena, mpaka nywele za ndevu zikahesabika. Nikapeleka. Mwenyewe akairudisha, anasema uso wake umekuwa kama umemwagiwa mchanga.

Bosi wetu ni mama mmoja tunayemwita Bi Mkasi, kwa jinsi anavyokata kazi za watu. Aliitazama kwenye mashine yake, akaniuliza, "Hii uliitazamia wapi?" Nikasema kwenye skrini kubwa nyumbani. Akasema, "Basi ulichotazama sicho ulicholeta." Akanigeuzia mgongo. Bi Mkasi hafundishi mara mbili. Hata mara moja anaona ni nyingi.

Nimebadilisha waya, nimefuta kioo, nimezima na kuwasha. Ukungu uko palepale. Na kompyuta yangu ni ya zamani, picha ikianza kwenda inahema kama mtu anapanda mlima. Wiki ya kwanza mwenzangu wa ofisini aliionea huruma akaipunguzia mzigo, angalau siku hizi haikwami.

Mjukuu wako, mke mdogo


Tarehe 11 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba. Huku wazima wote. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ili mume wetu asikie. Amesikia "seremala" peke yake, akauliza kama umepata mchumba.

Huyo Bi Mkasi nimempenda. Fundi anayefundisha mara ishirini anazaa fundi kama mama yako, ambaye mpaka leo kifungo kikimkatika ananiletea mimi.

Sasa sikiliza, maana elimu unayo lakini umeikalia. Umeandika kompyuta imepunguziwa mzigo. Mzigo ukipunguzwa, kuna kitu kimetuliwa chini. Kimetuliwa nini? Hukuuliza. Umefurahi tu kwamba haihemi. Punda akianza ghafla kutembea vizuri, mwenye akili anageuka nyuma kutazama ni gunia gani limedondoka.

Wewe umekua chini ya meza yangu, umetambaa juu ya vitambaa vyangu, hata sindano moja uliimeza ikatuhangaisha. Unajua kwamba nguo kabla ya kushonwa tunaipiga bandi, mishono mirefu ya uzi wa ovyo, tuone itakavyokaa mwilini. Bandi si kosa. Bila bandi utashona mkono mahali pa shingo. Lakini hakuna fundi anayetazama bandi akasema, mbona mshono umelegea, ngoja niukaze. Atakazia nini, wakati mshono wenyewe haujapita? Mimi sijui mambo ya mashine zenu, nauliza tu kama mtu aliyekaa na swali. Hiyo kompyuta inakuonyesha nguo, au inakuonyesha bandi?

Na jingine. Mteja wangu akija kujaribu gauni, namwambia atembee, natazama kitambaa kinavyoanguka. Nikitaka kuona mshono namwambia asimame. Wewe unataka kuona mshono wa mtu anayekimbia. Je, huyo seremala ulimsimamisha?

Jibu upesi. Nimeshona nguo miaka arobaini na sijawahi kujua kwamba picha nayo ina bandi, kama inayo. Nataka kujua.

Bibi yako, mke mkubwa


Tarehe 15 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo mara mbili, moja ya kawaida na moja ya kukuvulia kilemba.

Ni bandi! Nimegeuka kutazama gunia, nikalikuta. Mwenzangu aliiambia programu inionyeshe picha kwa robo ya ubora wake tu, ili kompyuta ipumue. Robo ile kwenye kioo kidogo haionekani, picha yenyewe si ni ukubwa wa bahasha? Lakini ukiivuta ijaze skrini kubwa inakuwa kama shati la mtoto kwa mtu mzima, inachanika kila mahali. Ndio ule ukungu. Seremala alikuwa safi siku zote. Mimi ndiye niliyemmwagia mchanga, nikimtibu ugonjwa asiokuwa nao.

Na la kusimamisha, Bibi, sijui umelijuaje. Kuna mahali pawili pa kuchagua. Pa kwanza ni ubora wa picha inapokwenda, pa pili ni ubora wa picha ikisimama. Sasa inapokwenda nimeiweka nusu, natazama mwendo tu. Nikitaka kuona ndevu namsimamisha, inakuja kamili. Nimeondoa ukali wote, nimemrudishia seremala video yake, ameipokea na kunipigia simu kushukuru. Hajanioa.

Lakini nina jingine, na hili ni zito. Nimepewa kazi ya chuo cha wauguzi. Siku ya mahafali manesi wapya wanatoka kwenye lango kubwa lenye saa iliyosimama, mistari miwili, sare nyeupe tupu. Nimeihariri wiki nzima. Kwangu nyeupe ilikuwa inaelekea ubluu kidogo, baridi kama ya maiti, nikaipasha joto, yaani nikaitia umanjano kidogo kidogo, mpaka ikawa nyeupe ya kupendeza. Imerudi. Mkuu wa chuo ameandika mstari mmoja: "Sare za wauguzi wetu hazifuliwi kwa chai."

Bi Mkasi akaniita. Akasema, "Ya seremala nimeimeza. Hii itarudi hapa tarehe ishirini na saba. Ikirudishwa tena, na wewe unarudi kwenu." Hakupandisha hata sauti.

Nilidhani nimepata sababu. Skrini yangu ilikuwa bado kama ilivyotoka dukani. Kumbe wenye maduka wanaziwekea rangi kali na ubluu mwingi, zing'ae kuvutia wapita njia. Unaingia ndani ya vitufe vyake unachagua rangi ya kawaida, zinatulia. Nimefanya hivyo. Nyeupe bado inanidanganya. Nikiwa nyumbani ni nyeupe, ofisini kwa Bi Mkasi ni chai. Ofisini hakuna kiti cha kuhariria kwa sisi wa majaribio, lazima nifanyie kazi hapahapa.

Mjukuu wako, mke mdogo


Tarehe 18 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba. Goti limenyamaza. Mume wetu amefurahi kusikia seremala hajakuoa, anasema bado ana nafasi.

Nimekisoma kile cha sare za chai nikacheka mpaka nikakaa, kisha nikaacha kucheka kwa sababu nimekumbuka jambo. Kuna fundi mmoja ninayemjua, mwanamke, zamani. Alikuwa na meza yake sokoni chini ya turubai la bluu. Akaletewa gauni la bibi harusi, jeupe. Akachagua uzi mweupe, akashona siku tatu, mshono mzuri ajabu. Bibi harusi akatoka nalo juani. Kumbe uzi ulikuwa wa rangi ya maziwa! Kila mshono ulionekana kutoka barabarani, kama njia ya sisimizi. Chini ya turubai nyuzi zote zilikuwa zimefanana. Bibi harusi alilia, mama yake akatukana, na fundi akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jicho, mjukuu wangu, ni kama mgeni mwenye adabu. Likikaa kwenye bluu saa nzima linasema hii ndiyo kawaida ya hapa, halilalamiki tena. Ndiyo maana mimi uzi siuchagui mezani. Natoka nao mlangoni, nauweka juu ya kitambaa, kivulini, mbali na ukuta wa jirani aliyepaka kijani.

Kwa hiyo sitaki habari za skrini tena. Nataka habari za chumba. Unakaa umetazama wapi? Dirisha liko upande gani, na jua linaingia saa ngapi? Kuta zina rangi gani? Unavaa nini ukikaa hapo, isije ikawa lile gauni jekundu? Niandikie kila kitu kilichomo, hata ndoo. Mimi sijawahi kukiona chumba hicho, nataka kukiona.

Bibi yako, mke mkubwa


Tarehe 21 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti halijaanza tena. Mimi sijambo kidogo.

Chumba ni hiki. Mlango ukiufungua unagonga kitanda. Meza iko ukutani upande wa kulia, skrini kubwa juu yake, kompyuta ndogo kushoto. Kiti kimoja, mguu mmoja nimeukunjia kadi ya mwaliko usitikisike. Kuta nyeupe, zimepakwa kabla sijahamia. Dirisha liko nyuma yangu kwa pembeni, linatazama magharibi, kwa hiyo jua linaingia kuanzia saa nane mpaka linapozama. Asubuhi niko ofisini nikipanga vipande vya wenzangu, kwa hiyo kazi yangu naifanya kuanzia saa tisa alasiri. Taa siiwashi, kuna mwanga wa kutosha. Navaa fulana ya kijivu. Chini ya meza kuna begi langu, kamba ya kuanikia, na ndoo mbili, moja ina mfuniko.

Nimejaribu vingi. Zimebaki siku sita. Nawaza, Bibi, labda kushona si kazi mbaya. Cherehani ya miguu haijapata kutu? Ikitokea nimerudi, nitakaa upande wa dirisha kama zamani.

Mjukuu wako, mke mdogo


Tarehe 23 Juni

Wewe,

Salamu baadaye.

Umenihesabia mlango, kitanda, meza, kiti na mguu wake wenye kadi. Umenitajia ndoo mbili, na mfuniko. Pazia hukulitaja.

Dirisha linatazama magharibi, jua linaingia saa nane, na wewe unasema kuna mwanga wa kutosha. Mwanga unaopita wapi? Nimesoma barua ile nikaiweka chini, nikaichukua tena. Nikamuuliza mume wetu, mtu akiandika habari za chumba kizima akaacha kitu kimoja, amekisahau? Akasema, "Hapana, huyo anakiogopa." Mzee hasikii, lakini siku akisikia, anasikia.

Umeshajua. Niambie tangu lini. Jumanne? Jumatatu? Jua la magharibi linapita katika pazia langu la chungwa, linapaka zile kuta nyeupe, wewe umekaa katikati kama kokwa. Jicho linasema hii ndiyo kawaida ya hapa. Halafu unatazama kioo, na sare za watu ambazo ni nyeupe kweli zinaonekana baridi, bluu, za maiti. Unazipasha joto. Unazitia chai! Na ulilijua, ukakaa kimya, ukaanza kuniuliza habari za kutu ya cherehani. Mficha maradhi, mwanangu, kilio humuumbua. Ulikuwa tayari kufukuzwa kazi kuliko kushusha kitambaa?

Najua kwa nini. Ni kwa sababu ya mdomo wangu siku ile unaondoka. Basi nikuambie. Yule fundi wa turubai la bluu si ninayemjua. Ni mimi. Gauni lile nililishona mimi, na njia ya nyuma niliipita mimi, nimejitanda mtandio mpaka puani. Sikumwambia mtu, hata mume wetu, na leo ndiyo mara ya kwanza naandika. Kwa hiyo tusitishane. Wewe umeficha pazia, mimi nimeficha turubai miaka thelathini na moja. Tumetoshana.

Usiseme utalifungua tu pazia ukae hivihivi. Jua litakupiga kioo usione kitu. Unahitaji zito, lisilo na rangi ya kusema. Fungua kifurushi alichokuletea dereva. Ni kijivu. Kijivu hasa, rangi ya punda, nimeona haya hata kukinunua, mwenye duka akaniuliza kama tumefiwa. Nimekitia bitana, jua halipiti. Nilianza kwa cherehani ya mkono ikakataa unene ule. Nikaitazama ile ya miguu chini ya shuka yake. Nilikuwa nimesema siifunui mpaka urudi.

Nimeifunua. Nimeitia mafuta, nimeshona, kwa muda wa saa tatu nzima bila kunyanyuka, goti likasema lake nami nikasema langu. Haina kutu, kwa kuwa uliuliza.

Weka fimbo mbili dirishani, moja mbele ya nyingine. La kijivu liwe la ndani, ulifunge wakati wa kazi. Langu la chungwa liwe la nyuma, huko karibu na kioo cha dirisha. Ukifunga la kijivu, subiri kwanza. Nenda kachote maji, rudi. Mpe yule mgeni muda wa kusahau kule alikotoka, ndipo utazame nyeupe.

Hujambo?

Bibi yako, mke mkubwa


Tarehe 26 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Ni tangu Jumatatu. Nilisimama kuchukua chai, nikaona mkono wangu mwenyewe umekuwa rangi ya chungwa. Nisamehe.

Nimelifunga la kijivu jana. Nikawasha taa ndogo nyeupe nikaielekeza ukutani nyuma ya skrini, nikaenda kuchota maji kama ulivyosema. Niliporudi nilisimama mlangoni. Manesi walikuwa wameganda kwenye lango, mistari miwili, na wote ni wa chai, Bibi! Chai ya maziwa! Siku zote hizo nilikuwa natazama chai nikisema nyeupe. Nimeondoa joto lote nililoongeza. Nimemsimamisha nesi mmoja mmoja, ubora kamili, kola, mikono, kofia. Nimemaliza leo mchana.

Kesho asubuhi naipeleka kwa Bi Mkasi, naye ataituma chuoni. Jibu likija nitakuandikia siku hiyohiyo.

Mjukuu wako, mke mdogo


Tarehe 14 Julai

Mke mwenzangu,

Hujambo? Mimi sijui kama sijambo.

Uliandika "siku hiyohiyo." Siku hiyo imekuwa ndefu kuliko ujauzito wa tembo. Kila saa tisa, basi lako la saa tatu likifika huku, nasimama kituoni, dereva akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla hajasimamisha basi. Sasa hata abiria wanatikisa.

Kama umefukuzwa, njoo. Hakuna atakayekucheka hapa ila mimi, na mimi nitacheka siku moja tu. Kama unaumwa, mtu aniandikie; simu nilishaikataa na sigeuzi neno. Mume wetu ameacha kuuliza kama mke mdogo kaandika. Anatazama mlango, kisha ananitazama mimi, kama mimi ndiye niliyekuuza.

Bibi yako


Tarehe 29 Julai

Mke mwenzangu,

Salamu ni zilezile za barua iliyopita, sizirudii kwa mtu asiyejibu.

Leo asubuhi nilikwenda zahanati kupimwa presha. Foleni ilikuwa imezunguka jengo, nikapata kiti mbele ya televisheni ya ukutani. Wanaonyesha habari za kunawa mikono, mara kunyonyesha, mara nini. Sikuwa natazama. Mara nikaona lango. Lango kubwa, na juu yake saa iliyosimama.

Goti halikuniuliza, nilikuwa nimeshasimama. Manesi wakatoka, mistari miwili. Ewe mjukuu wangu! Sare zilikuwa bluu! Si chai tena, bluu, kama zimelowekwa kwenye wino. Nikasema basi, kijivu changu kimemmaliza mtoto, amefukuzwa, ndiyo maana kimya.

Kisha nikakumbuka barua yako ya tarehe kumi na tano. Nikamwita nesi wa mapokezi. "Hii televisheni tangu itoke dukani kuna aliyeigusa?"

"Bibi, kaa, utaitwa."

"Sitaki kuitwa. Nataka rimoti."

Watu wakacheka. Mzee mmoja mwenye mkono wa plasta akasema, "Mpeni, huenda ndiye daktari." Nesi akaileta kwa kunichoka. Nikamwambia aingie ndani ya vitufe, atafute rangi, zile kali za dukani aziondoe, aweke ya kawaida. Alitafuta akitafuna midomo. Akaipata. Kioo kikatulia kama mtu aliyeoga. Picha ilikuwa imepita, ikabidi tungoje izunguke, na foleni nzima ikangoja na mimi, hata walioitwa hawakuingia.

Lango likarudi. Nikamshika nesi mkono nikamsimamisha pale kando ya kioo, na sare yake. Nikarudi nyuma hatua tano. Nikatazama wa kwenye kioo, nikatazama wa hapa. Nikatoa na leso yangu nyeupe nikainyoosha, kwa sababu shahidi mmoja hatoshi.

Nyeupe, nyeupe, nyeupe.

Mwishoni yakapita majina. Yanapita upesi mno, mwambie Bi Mkasi. Nilisoma kwa kidole, sikuyawahi, nikangoja izunguke tena. La nne ni lako. Chini ya neno "Mhariri," jina lako lote, na la baba yako, na la mume wetu. Nilisoma kwa sauti. Nilikwenda kisomo kile nikidhani ni kwa ajili ya barua tu. Yule mzee wa plasta akauliza, "Ni nani huyo?" Nikamwambia, "Mke mwenzangu." Mpaka naondoka alikuwa bado ananitazama.

Walipopima, presha ilikuwa juu. Nesi akagomba. Nikamwambia isingepanda leo, ingepanda lini?

Sasa nakujua. Wangekufukuza ungekuwa umeshafika hapa na furushi la nguo chafu. Umefaulu, umepewa kiti, ukaogopa kuniambia kwamba hurudi. Kwanza pazia, sasa hili. Wewe ukinyamaza unapiga kelele, hujui? Kwamba hurudi nilifahamu tangu siku niliyotoa ile shuka. Sikuirudisha. Shangazi yako ameikalia cherehani wiki ya pili sasa. Mshono wake unakwenda kama mlevi, lakini kila nikisema jambo anauliza kwa nini, na mtu wa namna hiyo simkatii tamaa. Wewe ulikuwa hivyo.

Jioni ukimaliza kazi yako, livute la kijivu pembeni, uache langu peke yake jua lipite. Hapo ndipo pahali pake. Ukae katikati ya rangi hiyo, unywe chai, usirekebishe kitu. Halafu chukua karatasi.

Nyeupe nimeielewa. Unaiweka kando ya nyingine unayoijua, jicho likiwa limetulia. Lakini njiani nikitoka zahanati nimewaza nyeusi. Nywele za wale manesi, zilikuwa nyeusi, na ndani ya ule weusi niliona misuko. Kwenye kioo kile ambacho chenyewe kinatoa mwanga, mnaipataje nyeusi? Mwanga unatoaje giza? Na mnajuaje kama misuko imebaki au mmeizamisha?

Nieleze. Nimeshaanza kulala nalo.

Bibi yako, mke mkubwa